GARI LA BABU NA NDUGU WANNE WALIOGOMBANA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kitendawili! Tega! Ndugu wanne hukimbizana mchana kutwa, wala hakuna amshikaye mwenzake.

Bila shaka, mpenzi msomaji, umekwisha kujibu: ni magurudumu ya gari. Jibu hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Lakini je, ndugu hao wanne wakikosana, huyu akataka kwenda kulia na yule akavutia kushoto, nini hutokea? Hapo wengi wetu hukuna vichwa. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa wakuna vichwa hadi likizo ya Agosti iliyopita, nilipokwenda kukaa kwa mjomba wangu mjini Nakuru. Niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu ili niwaeleze wenzangu, na walimu wetu wapendwa wenye magari, maana ya kitu ambacho mafundi wetu hukiita alaimenti.

GARI LENYEWE

Babu yetu mzaa mama, Mungu amlaze mahali pema, alituachia gari dogo la rangi ya chungwa, lenye pua ndefu kama ya papa na viti viwili tu. Ni Datsun 240Z. Kijana wa leo akiliona atacheka, kwa maana halina redio ya maana, halina kiyoyozi, na ukiingia ndani ni kama unaketi sakafuni. Lakini usilidharau! Dharau si kipimo.

Gari la aina hii lilianza kuuzwa kule Japani mwishoni mwa mwaka wa 1969, na kwao liliitwa Fairlady Z. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ukubwa wake ni lita 2.4. Hapa kwetu lilijipatia jina kubwa katika mashindano ya Safari Rally, yale yaliyoanzishwa mwaka wa 1953. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda Safari wakiwa ndani ya 240Z. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza kati ya mitano aliyoipata Mehta katika Safari. Mashindano hayo yalitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka wa 2002 na kurejea mwaka wa 2021, na siku hizi vumbi lake hutimka pande za Naivasha. Magari ya zamani nayo yana mashindano yake tangu mwaka wa 2003, na humo 240Z huonekana mara kwa mara.

Kwa hivyo gari la babu si kopo. Babu alilipenda kama mboni ya jicho. Alipokuwa karibu kutuaga alimwambia Mjomba, "Hii gari usiiuze kama bado inaweza kwenda." Maneno hayo ndiyo yaliyokuja kumsumbua Mjomba baadaye.

SHIDA ILIVYOANZA

Gari lilianza kwa kula matairi. Mjomba alinunua matairi mawili mapya ya mbele, na baada ya miezi michache tu kingo zake za nje zilikuwa zimelika zikabaki laini kama kipara, ilhali katikati bado kulikuwa na meno. Aliponiambia nipitishe kiganja juu ya tairi, nilishangaa. Nikipitisha kwenda upande mmoja lilikuwa laini. Nikirudisha upande wa pili likakwaruza kama magamba ya samaki.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Jumamosi moja tulikuwa tunatoka Naivasha kurudi Nakuru. Karibu na Gilgil, lori lililokuwa mbele yetu lilisimama ghafla. Mjomba akakanyaga breki. Salale! Gari halikusimama likiwa limenyooka. Liliruka kwenda kushoto kama punda aliyeumwa na nyuki, likaelekea moja kwa moja kwa akina mama waliokuwa wakiuza viazi kando ya barabara. Mjomba alipigana na usukani mpaka gari likasimama hatua chache kutoka kwenye ndoo za viazi. Mama mmoja alikuwa amekwisha kumnyakua mtoto wake. Hakuna aliyeumia, lakini mikono ya Mjomba ilitetemeka, na mimi sikuweza kumeza mate.

Mama yule alituangalia, akasema polepole, "Nyinyi watu, hiyo gari yenu itaua mtu."

Tulifika nyumbani bila kuzungumza. Usiku huo Mjomba alimpigia simu mtu mmoja aliyekuwa akilitaka gari lile kwa bei ya vyuma vikuukuu. Walikubaliana aje kulichukua baada ya wiki mbili, isipokuwa kama fundi angelitengeneza.

PEMBE TATU ZA GURUDUMU

Kabla sijaendelea, hebu nieleze alaimenti ni nini. Wengi hudhani kwamba magurudumu ya gari husimama wima na kuelekea mbele moja kwa moja, basi. La hasha! Kila gurudumu la mbele lina pembe tatu, na kila pembe ina kazi yake.

Pembe ya kwanza ni kemba. Simama mbele ya gari, ulitazame kama unavyomtazama mtu anayekuja. Je, magurudumu yamesimama wima? Yakiwa yameinamia ndani kwa juu, mafundi husema kemba ni hasi. Yakiinamia nje kwa juu, kemba ni chanya. Ni kama miguu ya watu: kuna wenye matege na kuna ambao magoti yao hugongana. Kemba ikizidi, tairi hulika upande mmoja tu.

Pembe ya pili ni kasta. Hii huonekana ukilitazama gari kwa ubavuni. Mfano mzuri ni baiskeli. Ukiangalia uma unaoshika gurudumu la mbele utaona haukusimama wima, bali umelala kidogo kuelekea nyuma. Kwa sababu hiyo mwendeshaji hodari wa bodaboda ya baiskeli anaweza kuachilia usukani akapiga mluzi, na baiskeli ikaendelea kunyooka. Gari pia lina mlalo kama huo. Kasta ndiyo hulifanya gari litake kwenda mbele na kuurudisha usukani katikati baada ya kona. Kasta ya kushoto ikitofautiana sana na ya kulia, gari huvutwa upande mmoja.

Pembe ya tatu ni tou. Sasa jifanye ndege, ulitazame gari kutoka juu. Mtu akisimama huku vidole vya miguu yake vikiangaliana, hiyo ni tou ya ndani. Vidole vikipeana kisogo kama miguu ya bata, hiyo ni tou ya nje. Hii ndiyo pembe inayokula matairi kuliko zote, na ndiyo inayorekebishwa mara nyingi.

Katika Datsun 240Z kuna jambo la ajabu kidogo. Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na pembe moja tu ambayo fundi angeweza kuirekebisha kwa spana, nayo ni tou ya magurudumu ya mbele. Kemba na kasta zilipangwa na kiwanda, na magurudumu ya nyuma hayana marekebisho yoyote. Kwa hivyo kemba au kasta ikiharibika, usitafute nati ya kuzungusha. Tafuta kilichochakaa au kilichopinda! Kuna watu hununua vipuri maalumu ili waweze kubadilisha pembe hizo, lakini gari la babu halikuwa na vitu hivyo.

HESABU KIDOGO

Wanaochukia Hisabati, nivumilieni. Rimu ya gari la babu ni ya inchi 14, yaani kipenyo chake ni karibu milimita 356. Tuseme tou ya ndani imezidi kwa milimita 6, na kila gurudumu lina sehemu yake ya milimita 3. Maana yake ni kwamba kila gurudumu linapokwenda mbele milimita 356, linasukumwa kando milimita 3. Ukipiga hesabu hiyo kwa kilomita moja, utapata kwamba tairi limeburutwa kando zaidi ya mita 8! Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni karibu kilomita 160. Basi tairi litakuwa limekwaruzwa kando kwa zaidi ya kilomita moja na robo. Chukua raba yako ya kufutia uikwaruze juu ya lami mwendo huo wote, kisha uniambie kitakachobaki.

Milimita 3 ni unene wa vitu vidogo sana, na jicho la kawaida haliwezi kuziona. Ndiyo maana gari linaweza kuonekana zima kabisa huku linakula matairi kama nzige.

KARATASI YENYE RANGI NYEKUNDU

Jumatatu Mjomba alilipeleka gari kwenye karakana moja kubwa mjini, yenye mashine za kisasa. Sitaitaja jina. Vijana wenye ovaroli safi walilipandisha gari juu, wakafunga vibao kwenye magurudumu, na kamera zikaanza kuvisoma. Magurudumu ya mbele yaliwekwa juu ya sahani zinazozunguka ili yaweze kugeuzwa bila kukwaruzwa. Kwa kweli ilipendeza kutazama.

Lakini walipotafuta jina la gari kwenye kompyuta, halikuwemo. Kijana mmoja akasema, "Wacha tuweke ya gari ingine inafanana." Wakachagua gari dogo la kisasa. Baada ya dakika chache karatasi ikatoka. Tou ilikuwa mbaya, wakairekebisha ikawa ya kijani. Kemba na kasta zilikuwa nyekundu kama damu, na zikabaki nyekundu.

"Boss," akasema yule kijana, "hii chasi imepinda. Hakuna kitu tunaweza kufanya. Hii gari imeisha."

Mjomba alilipa, akanyamaza. Tulipokuwa tukirudi, alijaribu breki mahali penye uwazi. Gari likaruka kushoto vile vile.

KWA MZEE

Jioni hiyo jirani yetu alimwambia Mjomba kwamba kuna mzee mmoja upande wa jua kali ambaye ujanani mwake alikuwa akitengeneza magari ya wakulima na ya mashindano. Kesho yake tukaenda. Tulimkuta ameketi juu ya tairi akinywa chai ya rangi.

"Shikamoo Mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akaligeukia gari, akatabasamu. "Ndiyo hii! Sijaona moja karibu miaka kumi."

Mjomba akamweleza yote, kisha akampa karatasi ya karakana. Mzee aliisoma kwa muda mrefu. Halafu akauliza swali moja tu: "Hizi namba walilinganisha na gari gani?"

Hatukuwa na jibu. Mzee akauliza tena, "Mwenye gari hakuacha kitabu chake?"

Hapo ndipo nilipokumbuka! Nyumbani, ndani ya sanduku la babu, kulikuwa na kitabu cha mafundi, kimejaa alama za mafuta, karatasi zake zimekuwa za manjano. Nilikuwa nimekiona mara nyingi, nikakidharau. Nilirudi mbio kukichukua. Katika ukurasa wa magurudumu tukakuta kwamba kemba ya 240Z ni chanya, takriban dakika 50, yaani karibu digrii moja kuelekea nje. Kasta yake ni karibu digrii 3. Magari mengi ya kisasa hayana pembe kama hizo: kemba yao huwa karibu na sufuri au hasi, na kasta yao huwa kubwa zaidi. Mzee akaweka karatasi ya karakana kando ya kitabu. Upande wa kulia, namba zilizokuwa nyekundu zilikuwa karibu sawa na za kitabu! Upande wa kushoto kemba pia ilikuwa sawa, isipokuwa kasta ndiyo ilikuwa imepungua.

"Chasi haijapinda," Mzee akasema. "Mashine haikudanganya. Iliulizwa swali la gari ingine, ikajibu ya hiyo gari ingine. Lakini hapa kushoto kuna kitu kimeregea. Twende tukitafute."

TAFUTA KILICHOREGEA KWANZA

Somo la kwanza alilotufunza Mzee ni hili: alaimenti haianzi na spana, huanza na ukaguzi. Kupima gari lenye vifaa vilivyoregea ni kama kupima kimo cha mtoto anayerukaruka.

Alianza na upepo wa matairi. Tairi lenye upepo mdogo upande mmoja linaweza kulivuta gari bila alaimenti kuwa na kosa lolote. Kisha akaliinua gari kwa jeki na kuliegemeza juu ya vyuma vya kutegemea. Alinikanya vikali: "Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki pekee. Jeki haina huruma."

Akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likicheza namna hiyo, huenda beringi au boljointi imekufa. Halikucheza. Akalishika kushoto na kulia, akalitikisa tena. Likicheza hivyo, shuku tairodi, ile fimbo inayosukuma gurudumu lipinde kona. Pia ilikuwa imara, na Mjomba akakumbuka kwamba ncha moja ya tairodi ilikuwa imebadilishwa mwaka uliopita. "Mlipima tou baada ya kubadilisha?" Mzee akauliza. Mjomba akatikisa kichwa. Basi hiyo ndiyo iliyokula matairi! Ukibadilisha tairodi bila kupima tou, ni sawa na kushona suruali bila kumpima mwenye kuvaa.

Lakini breki je? Mzee akaingia chini na chuma kirefu. Katika 240Z, mkono wa chini wa gurudumu la mbele umezuiwa na fimbo inayokwenda nyuma na kushikana na mwili wa gari. Mwisho wa fimbo hiyo kuna bushi za mpira. Dereva anapokanyaga breki, gurudumu hutaka kubaki nyuma, na bushi hizo ndizo zinazolizuia. Mzee alisukuma kwa chuma upande wa kulia; kimya. Akasukuma upande wa kushoto. Fimbo ikaenda nyuma na mbele, kwa! kwa!

Akatoa bushi ile. Ilikuwa imepasuka na kubomoka kama mandazi makavu.

Msomaji, sasa unganisha mambo. Bushi ya kushoto imekufa. Gari likienda polepole, hakuna kinachoonekana sana. Breki ikikanyagwa, gurudumu la kushoto hurudi nyuma, pembe zake zote hubadilika, na gari huruka kushoto. Mashine ya karakana ililipima gari likiwa limesimama, breki haijakanyagwa, kwa hivyo haikuona hatari yote. Ile kasta iliyopungua ndiyo iliyokuwa dalili, lakini ilifichwa na namba za gari lisilo lake.

Mjomba alikaa chini. Bushi! Kipande cha mpira kinachoingia kiganjani ndicho kilichotaka kumuua mtoto wa wenyewe kule Gilgil, na ndicho kilichotaka kumfanya avunje neno la baba yake.

NYUZI, KRETI NA MPIRA WA MAJI

Mzee alibadilisha bushi za pande zote mbili, maana ukibadilisha upande mmoja tu, gari litakuwa na mguu mzima na mguu mgonjwa. Kisha akatueleza kwamba lazima tou ipimwe upya. Bushi mpya zilikuwa zimelirudisha gurudumu mahali pake pa asili, na kipimo cha karakana hakikufaa tena.

Nilitarajia tutarudi mjini. Badala yake akaleta nyuzi za waashi, kreti nne za soda na rula ya chuma. Nilitaka kucheka, lakini nilichoona kilinifunga mdomo.

Kwanza alitafuta sakafu iliyo sawa, akaihakiki kwa mpira wa maji kama wafanyavyo waashi. Akalisukuma gari mbele na nyuma mita chache ili springi zikae vizuri baada ya kushushwa kwenye jeki. Usukani ukawekwa katikati, ukafungwa kwa kamba usizunguke.

Halafu akanyoosha uzi kila upande wa gari, kutoka kreti ya mbele hadi kreti ya nyuma, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Uzi lazima ulingane sawasawa na mstari wa katikati wa gari. Hapa kuna mtego! Katika 240Z upana kati ya magurudumu ya mbele ni milimita 1,355, na ya nyuma ni milimita 1,345. Tofauti ni milimita 10, yaani milimita 5 kila upande. Kwa hivyo uzi ukiwa milimita 100 kutoka katikati ya gurudumu la nyuma, unatakiwa uwe milimita 95 kutoka katikati ya gurudumu la mbele. Asiyejua hili atapima vibaya tangu mwanzo.

Nyuzi zilipokaa sawa, nilipewa rula. Nilipima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, gurudumu linaangalia ndani. Nilipata milimita 3 kushoto na milimita 3 kulia, jumla milimita 6. Kitabu kilitaka ndogo kuliko hiyo.

Mzee akalegeza nati za kufungia, akazizungusha tairodi zote mbili kwa kiasi kimoja. Kwa nini zote mbili? Kwa sababu ukizungusha moja tu, gari litanyooka lakini usukani utakaa upande kama kofia ya mlevi. Akazungusha kidogo, tukalisukuma gari, nikapima. Akazungusha tena, nikapima. Mara ya nne nikapata milimita 1 kila upande, jumla milimita 2. "Funga," akasema, na nati zikakazwa.

JARIBIO

Tulitafuta barabara isiyo na watu. Mjomba akaenda polepole, akalegeza mikono kidogo kwenye usukani. Gari lilinyooka kama mshale, kisha baada ya muda likaegemea kushoto kidogo sana. Nikashtuka, lakini Mzee akacheka. Barabara zetu zina mgongo katikati ili maji ya mvua yateremke kando, na sisi huendesha upande wa kushoto. Gari likiteleza polepole kwenda kushoto, hilo ni teremko la barabara.

Kisha ikaja breki. Mjomba aliangalia kioo, akavuta pumzi, akakanyaga kwa nguvu. Gari likasimama. Likasimama limenyooka! Akarudia mara tatu. Mara ya tatu alizima injini, akainamisha kichwa juu ya usukani. Sikumwuliza kitu.

Siku iliyofuata, kwa ushauri wa Mzee mwenyewe, tulilipeleka gari kwenye karakana nyingine yenye mashine, safari hii tukiwa na kitabu cha babu. Fundi wa hapo aliingiza namba za kitabu kwa mkono. Karatasi ilipotoka, yote ilikuwa ya kijani. Ndipo nikafahamu kwamba uzi na kompyuta si maadui. Ukivipa kipimo sahihi, vyote viwili husema ukweli.

Mnunuzi wa vyuma alipokuja, alipewa chai na andazi, akaenda zake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa wale watakaomiliki magari siku moja, na kwa walimu wanaoyamiliki tayari, nimeyakusanya haya kwa ufupi:

1. Tairi likilika upande mmoja, au likikwaruza kiganja upande mmoja na kulainika upande wa pili, usinunue lingine kabla ya kupima alaimenti. Utalisha mnyama asiyeshiba.

2. Gari likivuta upande mmoja, anza na upepo wa matairi. Likivuta wakati wa breki tu, kagua breki na bushi mara moja, wala usingoje kesho.

3. Kila unapobadilisha tairodi, bushi au springi, pima tena.

4. Kagua vilivyoregea kwanza, rekebisha pembe mwisho.

5. Ikiwa gari ni la zamani, nenda na namba zake. Usikubali lipimwe kwa namba za gari lingine.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikaribia kujenga kaburi. Nami nimeongeza funzo langu: nilikuwa nikikiona kitabu kile kikuukuu kila likizo, nikakipita kama takataka, kumbe ndani yake kulikuwa na ukurasa mmoja wa kuokoa gari na huenda roho ya mtu. Tusome, wenzangu, hata yasiyo ya mtihani.

Kwa walimu wetu mnaoegesha magari nyuma ya maabara: msishangae mkituona tumechuchumaa tukipapasa matairi yenu. Hatutoi upepo. Tunawapima ndugu wanne kama bado wanapatana.